Sakafu ya Landrova

Siku ya Jumatatu, saa moja asubuhi, Firdausi alimaliza kuosha vyombo, akabeba beseni hadi nyuma ya nyumba, akapanda kwenye Landrova ya marehemu baba mkwe wake, mzee Khatibu, na kumwaga maji machafu katika tundu la sakafuni. Alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na tisa, tangu alipoolewa katika nyumba hiyo ya Kibondo. Tundu lilikuwa na upana wa sinia la pilau. Halikujaa wala halikutoa harufu. Maji yaliangukia barabarani na barabara ikaondoka nayo.

Gari lilikuwa limepandishwa juu ya matofali tangu mwaka ambao mzee Khatibu alipofuka macho, na magurudumu yake yalikwishauzwa moja moja. Ukiinama kulitazama kwa nje, chini yake uliona matofali, vifaranga na chupa ya chai iliyovunjika. Ukitazama kwa ndani, kupitia tundu la sakafu, uliona barabara ya udongo mwekundu ikipita kuelekea nyuma kwa mwendo wa gari lililojaa watu, mchana na usiku, masika na kiangazi. Watu wa nyumba walishazoea. Maganda ya viazi, majivu, vigae, hata godoro la mtoto aliyekuwa kikojozi, vyote vilikwenda huko. Mwaka juzi kuku aliteleza akaangukia humo. Walimwona akisimama, akajikung'uta, halafu akabaki nyuma. Firdausi aliumia sana, maana kuku yule alikuwa mtagaji mzuri.

Jumatatu hiyo alimkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi la nyuma la gari, kofia ikiwa magotini.

"Shikamoo baba. Sijakumwagia?"

"Marahaba, mama. Hapana, wewe endelea na kazi yako."

Huyo alikuwa fundi Kipriani Niyomwungere wa Kasulu. Aliletwa ili aseme kama gari linafaa kufufuliwa au likatwe.

Nurudini, mume wa Firdausi, aliuza saruji na mabati mjini, na hakuwahi kuliwaza sana gari la baba yake hadi alipopigiwa simu na mtu wa Arusha anayekusanya Landrova za zamani, anazing'arisha na kupakia watalii. Mtu huyo alitaka gari lenye bodi lake halisi, liweze kutembea lenyewe walau mpaka kwenye lori la kulibeba. Upande wa pili, wanunuzi wa vyuma chakavu walipita getini kila wiki na mizani yao begani. Nurudini si mtu wa kukata shauri haraka. Ukweli ni kwamba si mtu wa kukata shauri kabisa, na tangu baba yake afe amekuwa akilipa watu wengine wamkatie.

Kipriani naye alikuwa na utaratibu wake, na aliyeuona ni wa kipuuzi alishauriwa atafute fundi mwingine. Hakutoa neno kabla ya kukaa na gari asubuhi tatu. Asubuhi ya kwanza aliligonga kila mahali kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Ya pili alilala ndani yake kifudifudi. Ya tatu aliketi tu, kimya, kama mtu anayekaa na mgonjwa. Baada ya hapo alisema neno moja kati ya mawili: "Anapona," au "Mzikeni." Katika miaka arobaini hakuna aliyemkamata akidanganya. Wapo watu wa Kasulu waliolia machozi kwa kusikia neno la pili, lakini hawakubishana naye.

Bodi la Landrova ni la aluminiamu, na aluminiamu haishiki kutu, ndiyo maana wanaotazama bodi hufurahi bure. Kutu hula mifupa. Nyundo ya Kipriani ilipogonga chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilitoa sauti ya kugonga mkate mkavu. Sakafu ya nyuma, ambayo mzee Khatibu aliibadilisha mwenyewe kwa bati la chuma ili ibebe watu wengi zaidi, ilikuwa imeliwa vibaya, na hapo ndipo lilipokuwa lile tundu. Kipriani aliandika kwenye kipande cha boksi: sakafu, kuziba. Alitazama barabara ikipita kwa muda, akaongeza: breki hamna. Gari ambalo halijasimama miaka yote hiyo, jambo la kwanza la kuuliza ni breki.

Alasiri Nurudini alimletea chai na chapati mbili.

"Mzee wangu aliokoa watu wengi sana na gari hili," alisema. "Mwaka sabini na mbili, watu wanakimbia Burundi. Anawatoa Nyabibuye, anawaleta hapa Kibondo. Siku ya maziko yake hapa palikuwa hapapitiki."

"Na mimi nilikuwamo," alisema Kipriani.

"Alhamdulillahi," alisema Nurudini, na alifurahi kwa moyo wote. Akaenda kumwambia mkewe.

Asubuhi ya pili Kipriani alilala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, akashusha kichwa kwenye tundu. Upepo wa barabara ulimpiga usoni. Umeme ulikuwa umekatika mjini, kwa hiyo hakukuwa na mashine ya kusaga wala redio iliyolia mtaa mzima. Katika ukimya huo alisikia sauti ya mtoto ikitoka nyuma, mbali sana, nyembamba kama uzi.

"Mundindire!" Nisubirini. "Mundindire!"

Hakushtuka. Aliitambua sauti, akageuza sikio la kulia ambalo ndilo zima, akasikiliza tena. Ilikuwa ya dada yake Ange. Alikuwa bado na miaka sita.

Mwaka ule Kipriani alikuwa na miaka tisa. Walikuwa wamepakiwa watu ishirini na sita katika gari la watu kumi. Kupita Nyabibuye kuna mlima, na hapo gari lilishindwa. Khatibu, wakati huo kijana mwenye sauti ya kubembeleza, aliwageukia akasema watoto wakubwa washuke, wapande mlima kwa miguu, atawasubiri kileleni. Mama yao, Rosa, alikuwa na jeraha mguuni, hawezi kukanyaga. Mtoto wake mkubwa alikuwa Kipriani. Kipriani alisikia vizuri kila neno na akajifanya amelala. Rosa alimtikisa bega mara moja, halafu akamteremsha Ange.

Kileleni gari halikusimama. Halikuwa na breki za maana, na starta ilikuwa mbovu, likizimika halitawaka tena. Hayo yote Khatibu aliyajua kabla ya kuahidi. Alipiga honi mara mbili, mteremko ukawachukua. Siku ya tatu Rosa alirudi kule kwa mguu mmoja na fimbo, akakuta mlima tu. Baadhi ya walioteremshwa walifika Kibondo wenyewe. Ange hakufika, na hakuna aliyeulizwa. Khatibu alipofariki, miaka mingi baadaye, Rosa alipeleka debe la maharage msibani, kwa sababu ni kweli aliwaokoa wawili kati ya watatu.

Asubuhi ya tatu Nurudini alikuja kusimama kando ya gari, mikono nyuma.

"Haya, fundi. Tuambie."

Kipriani alijua neno lililostahili. Chesisi ile haikuwa na miaka miwili mbele yake. Lakini gari likizikwa, maana yake linakatwa vipande na kupakiwa kwenye lori la chuma chakavu, na sakafu inakwenda na tundu lake.

"Anapona," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kudanganya kazini, na masikio yalimwaka moto. Nurudini hakuona kitu. Alishukuru kwamba shauri limekatwa na akaenda kumpigia simu mtu wa Arusha.

Kazi ilichukua wiki tano. Kipriani alipanga chumba karibu na stendi, akaenda na kurudi Kasulu kutafuta vipuri. Chesisi aliitia viraka kadiri ilivyokubali, kisha akaipaka rangi nyeusi nzito ili wenye haraka wasione. Injini, kwa maajabu ya Mungu, ilikuwa nzima. Lakini kitu alichokishughulikia kwa roho yake yote ni breki. Mabomba aliyapinda upya kwa mkono. Masta ya breki aliiagiza Dar es Salaam, ikaletwa na basi ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Nurudini alimwuliza mbona breki zinachukua muda wote huo kwa gari lililo juu ya matofali. Kipriani alimjibu kwamba ndilo gari linalohitaji breki kuliko yote wilayani.

Jumamosi moja aliketi kwenye usukani, akakanyaga pedeli. Nyuma yake barabara ilipunguza mwendo. Mawe yaliyokuwa michirizi yakawa mawe. Halafu ikasimama kabisa. Vumbi lilitua, na ndani ya tundu kikabaki kipande cha udongo mwekundu chenye majani makavu na sisimizi mmoja aliyekuwa anavuka kwenda kwenye shughuli zake.

Kipriani alikaa hivyo, mguu kwenye breki, kutoka saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri. Alitegea sikio. Sauti ilikuwa ile ile, umbali ule ule. Ndipo akaomba kalamu kwa Firdausi na kupiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Gari limekwenda kilomita ishirini kwa saa kwa miaka hamsini na miwili. Mtoto wa miaka sita, akijitahidi, huenda tatu, na naye ametembea miaka hiyo yote. Kwa gari lililosimama, Ange angelifikia baada ya miaka mia mbili tisini na minne na miezi minane, asipopumzika. Alirudia hesabu akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Jumatatu alimleta mama yake kutoka Kagerankanda kwa basi.

Rosa alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alishuka na fimbo, na kifurushi cha viazi vitamu vya kuchemsha alichokifunga kwenye khanga. Firdausi alimpa shikamoo, akamletea maji ya kunawa, akamsaidia kupanda nyuma ya gari. Kipriani alikwenda kukaa kwenye usukani na kukanyaga breki. Rosa aliinama juu ya tundu akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya watu anaowajua.

"Ni ile ile," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani anamwaga maji machafu huku?"

Firdausi alisema ni yeye. Rosa alimwomba aache, kuna mtoto anapita. Firdausi akasema hakujua, akaomba radhi, na tangu siku hiyo akawa anabeba beseni hadi mtaroni, mwendo wa dakika tano.

Firdausi alipoondoka, Kipriani alimsomea mama yake hesabu yote. Rosa alisikiliza kwa makini, kama anayeelezwa dawa inavyomezwa.

"Na mtu akirudi kumpokea, wakakutana njiani?"

"Mtu wa namna gani?"

"Kama mimi."

Kipriani alimwekea kilomita mbili kwa saa, kwa heshima. "Miaka mia moja sabini na sita. Na miezi tisa."

"Hiyo ni afadhali," alisema Rosa.

Nje jogoo aliwika saa isiyo yake. Rosa alikuwa anakifungua kile kifurushi, anahesabu viazi, anakifunga tena.

"Nilijua hukuwa umelala," alisema bila kuinua macho. "Kope zilikuwa zinacheza."

Kipriani alikuwa amebeba jambo hilo miaka hamsini na miwili, amelificha kwa mkewe, kwa padri kwenye kitubio, na kwa watoto wake wanne.

"Sasa kwa nini hukuniteremsha?"

"Wewe ulikuwa mvulana," alisema Rosa. Aliona amejibu.

Kisha akavua ndara zake, akazipanga pembeni mwa benchi, akatanguliza miguu kwenye tundu.

"Mama, ngoja. Ni mimi wa kushuka."

"Nani atakanyaga breki?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na lilikuwa na jibu. Hatua tatu kutoka pale, kwenye nyasi, palikuwa na kipande cha reli ambacho Kipriani hufulia mabati juu yake, alichotoka nacho Kasulu chini ya kiti cha basi, kizito cha kutosha kukandamiza pedeli ya lori. Ni kweli Kipriani alikuwa na mabega mapana na tundu lilikuwa dogo, lakini alikuwa pia na grenda, na kulipanua ni kazi ya dakika kumi. Aliitazama ile reli. Rosa naye aliitazama. Alisubiri kidogo, akiwa ameketi ukingoni mwa tundu na miguu inaning'inia, muda ambao ungetosha kabisa kwa mtu kusema jambo.

"Breki hii inaujua mguu wangu," alisema Kipriani.

"Ego," alisema Rosa. Ndiyo.

Alishuka taratibu. Alikuwa amekonda, alipita bila kuguswa na chuma. Alikanyaga udongo, akajaribu mguu ule wa zamani, akaona unafaa. Kipriani alimpitishia fimbo kwa mkono wa kushoto huku mguu wa kulia ukiwa kwenye pedeli, na mkono ulimtosha kwa shida. Rosa akaelekea nyuma, alikotoka gari, kifurushi kichwani. Kwa hatua nne au tano mtu aliweza kuuona upindo wa khanga yake. Baadaye zikabaki hatua zake tu na mdundo wa fimbo.

Kipriani aliona aibu, na aliona nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Alikaa na mguu kwenye breki mpaka goti likaanza kutetemeka. Kisha akashuka haraka, akachukua kile kipande cha reli, akakiweka juu ya pedeli, akaenda kunywa chai.

Siku ya pili aliposhusha kichwa kwenye tundu alisikia sauti mbili. Ile ya mbali ilisema, "Mundindire!" Ile ya karibu, yenye pumzi fupi, ilikuwa inajibu, "Ndaje, mwana wanje! Ndaje!" Nakuja, mwanangu. Hazikuwa zinasikiana bado. Kipriani aliliita jina la mama yake mara moja, si kwa nguvu sana. Fimbo ilisimama, kisha ikaendelea.

Jumatano Nurudini alikuja na habari njema. Lori la Arusha lingefika Ijumaa jioni. Magurudumu yamepatikana, rangi imekauka, kilichobaki ni sakafu.

"Sakafu niongezee muda," alisema Kipriani.

"Muda gani, fundi?"

Kipriani alimweleza, akamwonyesha na boksi lenye hesabu. Nurudini aliipitia mstari kwa mstari, maana si mtu wa dharau, na alimheshimu sana bibi Rosa tangu siku ya lile debe la maharage. Alifikiri mpaka jasho likamtoka.

"Mteja hawezi kusubiri miaka mia na sabini," alisema mwishowe. "Ingekuwa mwezi, ningemwomba."

"Naelewa."

"Na watalii hawawezi kukaa juu ya tundu, mzee wangu. Mtu atapoteza kamera."

"Naelewa, bosi."

"Au wewe unashaurije? Ukisema lisiuzwe, haliuzwi. Nakuachia wewe."

Alisema hivyo akimtazama usoni, na alikuwa anamaanisha. Wanyonge wa kukata shauri huwa hivyo, siku moja hukupa kisu chote kwa mpini. Kipriani aliugeuza ulimi kinywani. Alifikiria jina lake mjini Kasulu, na chesisi iliyopakwa rangi nyeusi, na namna watakavyomwuliza kwa nini aliwapotezea watu wiki tano. Alifikiria pia kwamba mama hakugeuka alipomwita.

"Anapona," alisema. "Uza."

Ijumaa asubuhi alikata bati la sakafu, chuma cha milimita tatu. Bati la namna hiyo halipindwi ukingo bila kitu kizito cha kulifulia, na kitu kizito kilikuwa kimoja. Kipriani aliingia mbele, akakiinua kile kipande cha reli kutoka kwenye pedeli. Katika siku zote nne hakikuwa kimeteleza hata unene wa ukucha. Nyuma yake barabara ilianza kusogea, kwanza polepole, halafu kwa mwendo wake wa kawaida.

Aliketi kwenye nyasi, akaweka bati juu ya reli, akaanza kugonga. Aligonga kwa nguvu kuliko bati lilivyohitaji.

Saa sita kasoro, Nurudini akiwa amekwishatawadha, alipita kutazama. Alipanda nyuma ya gari, akapitisha kidole kwenye mchomeleo kuzunguka kote, akatafuta ulipoanzia asiuone.

"Kazi nzuri hii, fundi," alisema.

"Asante," alisema Kipriani, na akaanza kukusanya vifaa vyake.